Nasaha za Kuziunganisha Kompyuta za Kale kwa VPN

Kompyuta za zamani, zile ambazo moja ilijaza chumba kizima na kuhitaji mafundi wake na baridi yake, zimetoweka karibu zote katika maofisi na vyuo, lakini mifumo yake haikufa; kwa kuwa wako watu waliokaa wakaandika programu zinazoiga kila tendo la mashine hizo, amri kwa amri, hata mfumo ulioandikwa nusu karne iliyopita ukipandishwa juu yake hauna njia ya kutambua kwamba chini yake hapana chuma cha asili, bali pana kompyuta ndogo ya mezani. Programu hizo huitwa emuleta. Mashuhuri miongoni mwao ni SIMH, ambayo Bob Supnik, aliyepata kuwa mmoja wa wakuu wa kampuni ya Digital Equipment Corporation, aliianza mwaka 1993, nayo huiga jamii kubwa ya mashine, zikiwamo PDP-11 ya mwaka 1970 na VAX ya mwaka 1977. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, na Compaq ikaingia mikononi mwa Hewlett-Packard mwaka 2002. Lakini kazi yake ingali inaweza kutazamwa na kijana yeyote mwenye kompyuta ya bei nafuu na subira.

Aghalabu mpenzi wa mashine hizi huridhika pale mfumo unapoamka na alama ya $ ya VMS, mfumo wa Digital kwa ajili ya VAX, ikatokea kwenye kioo. Huiandikia amri mbili tatu, huishughulikia siku chache, kisha huiacha, kwa sababu mashine iliyo peke yake haina wa kuipelekea barua wala wa kuiomba faili. Wala si ajabu, maana Digital ilikuwa imekwisha kutoa DECnet, itifaki zake za mtandao, kwa mara ya kwanza mwaka 1975, miaka miwili kabla ya VAX kutokea, na VMS iliandikwa kwa kudhani kwamba jirani yupo: jina la mashine nyingine likitangulizwa mbele ya jina la faili na kufuatwa na alama ya ::, faili hilo husomwa kana kwamba limo katika diski ya humu humu. Jambo hilo huwezi kulionja mpaka upate mashine ya pili, na mashine ya pili hupendeza zaidi ikiwa nyumbani kwa mtu mwingine, awe ng'ambo ya mtaa, awe Muscat, awe Toronto.

Kuziunganisha mashine mbili zilizo mbali hivyo, bila ya kuzianika mbele ya walimwengu wote, ndiyo kazi ya VPN, yaani mtandao wa faragha upitao juu ya intaneti ya watu wote. Wengi hulianza jambo hili kwa kuuliza ni VPN ipi iliyo bora, wakaipakua ile iliyosifiwa, kisha wakashangaa kwamba kompyuta zao za leo zinaonana vizuri ilhali zile za kale zilizomo ndani yake zimekaa kimya. Nasaha yangu katika makala haya ni kulipindua swali hilo: kabla ya kuchagua VPN, jua mashine zako husema kwa itifaki gani, na kabla ya kufungua njia yoyote, patana na wenzako juu ya majina, anwani na mipaka. Mwenye kuyatanguliza hayo mawili atapata sahali katika yaliyobaki.

Na tuanze na itifaki. Intaneti tuliyonayo hubeba pakiti za IP tu, na mashine nyingi za zamani zilisema IP bila shida: 4.3BSD ya mwaka 1986 juu ya VAX, na 2.11BSD ya mwaka 1991 juu ya PDP-11, ni mifumo ya Unix inayoijua TCP/IP, na kwayo VPN yoyote ya siku hizi inatosha. Lakini kabla IP haijatawala, kila kampuni kubwa ilikuwa na lugha yake. Novell ilikuwa na IPX, nayo ndiyo iliyotumiwa na Doom, mchezo uliotoka Desemba 1993, kuwakutanisha wachezaji hadi wanne. Apple ilikuwa na AppleTalk. Na Digital, mbali na DECnet, ilikuwa na LAT kwa ajili ya kuunganisha vioo vya watumiaji na mashine kubwa. Lugha hizi hazisafiri ndani ya IP. Husafiri moja kwa moja ndani ya fremu za Ethernet, zikiwa na alama zake zenyewe: fremu ya DECnet hubeba alama ya 60-03, na ya LAT hubeba 60-04. Ruta ya nyumbani kwako, ikipokea fremu ya namna hiyo, haina pa kuipeleka.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo msomaji hana budi kuishika barabara. Ziko VPN za tabaka la tatu, ambazo hubeba pakiti za IP peke yake, na ziko VPN za tabaka la pili, ambazo hubeba fremu nzima ya Ethernet na yote yaliyomo. WireGuard, ambayo iliingizwa katika Linux toleo la 5.6 mwezi Machi 2020 na ambayo kwa wepesi na usalama imewapita wengi, ni ya tabaka la tatu na haina namna nyingine. OpenVPN ina namna zote mbili, ile ya tun iliyo ya tabaka la tatu na ile ya tap iliyo ya tabaka la pili. ZeroTier ni ya tabaka la pili kwa asili yake, na tinc hugeuzwa kuwa hivyo kwa mstari mmoja katika faili lake la mipangilio. Basi aliyeweka WireGuard na kungoja DECnet ipite yenyewe atangoja sana.

Hata hivyo, usikimbilie tabaka la pili kabla hujaitazama emuleta yako, kwani nyingi zimekwisha kuwekewa dawa ya mushkili huu. Emuleta inaweza kuitwaa fremu ya kale, ikaitia ndani ya pakiti ya UDP, na kuipeleka kwa mwenziwe, mfano wa barua iliyotiwa katika bahasha yenye anwani ambayo posta ya leo huielewa. Naye mwenziwe huifungua na kuikabidhi mashine yake fremu ile ile ilivyoandikwa. DOSBox, emuleta ya kompyuta za DOS, hufanya hivyo kwa IPX: mmoja wenu huandika ipxnet startserver 2130, na wengine huandika ipxnet connect pamoja na anwani yake ya VPN na nambari hiyo hiyo, baada ya wote kuweka ipx=true katika faili la mipangilio. Nimetaja 2130 kwa makusudi, kwa sababu poti ya kawaida ya DOSBox ni 213, na Linux haimruhusu mtumiaji wa kawaida kufungua poti iliyo chini ya 1024.

SIMH nayo ina njia kama hiyo. Kadi ya mtandao ya MicroVAX, ambayo SIMH huiita XQ, inaweza kufungwa kwa amri moja, attach xq udp:6000:10.77.4.2:6000, ambamo nambari ya kwanza ni poti ya kwako, na inayofuata ni anwani ya mwenzio ndani ya VPN pamoja na poti yake. Naye aandike amri hiyo hiyo akitaja anwani yako wewe. Kwa watu wawili hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote, maana hutumia WireGuard ilivyo, haiigusi kadi ya kweli ya kompyuta yako, wala haihitaji ruhusa za msimamizi kila mara. Kasoro yake ni moja tu: ni njia ya baina ya wawili, na atakapotokea wa tatu itabidi pawepo na programu ya daraja katikati, yenye kupokea fremu za kila mmoja na kuzigawa kwa wengine.

Wakiwa watatu au zaidi, au mashine zao zikiwa ni za namna mbalimbali, tabaka la pili hufaa zaidi ya daraja hilo. Anayependa WireGuard anaweza kubaki nayo na kuweka juu yake VXLAN, ambayo huzitia fremu za Ethernet ndani ya pakiti za UDP na ambayo Linux inayo tayari. Anayetaka tasihili atumie ZeroTier au tinc. Na anayeijua OpenVPN atumie namna ya tap, akikumbuka kwamba programu zake za simu za mkononi haziikubali namna hiyo. Lakini ajue gharama yake. Katika tabaka la pili kila tangazo la kila mashine huwafikia wote, na kompyuta za leo ni nyepesi kutangaza: kompyuta ya Windows iliyosahauliwa katika mtandao huo hupiga kelele mchana kutwa ikitafuta printa na jamaa zake. Kwa mtu anayelipia bando la simu, kelele hizo ni fedha. Kwa hiyo daraja lifungwe baina ya VPN na emuleta peke yake, kompyuta nyingine za nyumbani zisiingizwe, na ikiwezekana ziruhusiwe alama za fremu mnazozihitaji tu na nyingine zote zizuiwe. DECnet yenyewe haina tamaa. Kwa kawaida mashine isiyo ruta hujitambulisha kwa ujumbe mfupi kila sekunde 15, na zaidi ya hapo hunyamaza mpaka iitwe.

Sasa tutazame njia yenyewe. Wasomaji wetu wengi hupata intaneti kwa laini ya simu, na kampuni za simu aghalabu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, huku kila mmoja akiwa na ya ndani, mara nyingi ile inayoanza na 100.64 na kuendelea hadi 100.127. Mtu wa namna hii anaweza kutoka, lakini hawezi kuingiliwa; na wawili walio hivyo hawawezi kukutana wenyewe kwa wenyewe bila ya mahali pa tatu. Dawa iliyo sahali ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, iliyo ndogo kuliko zote, ambayo gharama yake mkiichangia haimwumizi mtu, na kuifanya kitovu ambacho wote huunganishwa nacho. Katika WireGuard, kila aliye nyuma ya laini ya simu aweke PersistentKeepalive kuwa 25, ili kila baada ya sekunde 25 apeleke neno dogo la kuiweka njia wazi. Asipofanya hivyo, kampuni ya simu huifunga njia iliyonyamaza, naye ataonekana kana kwamba ameondoka.

Katika mipangilio hiyo hiyo ipo AllowedIPs, mahali panapohitaji hadhari. Waongozaji wengi, wakiwa na nia ya kumficha mtu anapotembea mitandaoni, humwambia aandike 0.0.0.0/0, ambayo maana yake ni kwamba mawasiliano yake yote, hata video anazotazama, yapitie kwenye seva. Wewe huna haja hiyo. Andika tu fungu la anwani za wenzako, mathalani 10.77.4.0/24, na mengine yaendelee na njia yake ya kawaida. Tena chagua fungu lisilo la kawaida. Nyumba nyingi hutumia 192.168.1 au 192.168.0, kwa kuwa ndivyo ruta zilivyotoka kiwandani. Wawili wakikutana wote wakiwa na fungu hilo, kompyuta haitajua kama anwani inayotafutwa iko sebuleni au iko nchi nyingine.

Anwani za IP ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni anwani za mashine za kale zenyewe, na hapa patahitajika maafikiano ya kweli. Katika DECnet ya Awamu ya Nne kila mashine hupewa nambari mbili, ya eneo kutoka 1 hadi 63, na ya mashine kutoka 1 hadi 1023, zikiandikwa kwa nukta katikati. Kwa nambari hizo mfumo hujitengenezea wenyewe anwani ya kadi ya mtandao: huzidisha eneo kwa 1024, hujumlisha nambari ya mashine, kisha huandika jawabu kwa hesabu ya msingi wa 16, baiti ndogo ikitangulia, baada ya AA-00-04-00. Mashine yenye anwani 7.12 hupata 7180, ambayo ni 1C0C, basi kadi yake huwa AA-00-04-00-0C-1C. Ni vema kuijua hesabu hii, kwani siku mtandao utakaponyamaza utaweza kuzitazama fremu zipitazo na kumtambua kila msemaji. Fauka ya hayo utaona kwa nini wawili wakichukua nambari moja huharibikiwa wote wawili: mbele ya daraja watakuwa mtu mmoja, na barua ya huyu itafikishwa kwa yule.

Mashine zisizotumia DECnet zina hatari iliyo karibu na hiyo. Baadhi ya emuleta, hasa matoleo ya zamani, humpa kila mtumiaji anwani ile ile ya kadi, na kwa kadi za Digital utaiona ikianza na 08-00-2B. Anayenakili faili la mipangilio la rafiki yake hunakili na anwani yake. Kila mmoja aandike anwani yake kwa mkono katika mipangilio, na mmoja wenu apewe amana ya daftari lenye majina, anwani za IP, anwani za DECnet na anwani za kadi za wote. Majina yenyewe yana mpaka: DECnet haipokei jina la mashine lililozidi herufi 6. KILWA inaingia, PATE na LAMU zinaingia, MVITA inaingia na MUSCAT inatosha kwa kubanwa. Lakini mwenye kutaka ZANZIBAR hana budi akubali UNGUJA.

Watu wanaotumia Wi-Fi wana mtihani wao. Emuleta ikifungwa moja kwa moja kwenye kadi ya Wi-Fi, hutaka kupeleka fremu zenye anwani isiyo ya kadi hiyo, na kituo cha Wi-Fi, ambacho humjua kila mteja kwa anwani moja aliyojiandikisha nayo, huzitupa. Mtu anaweza kuhangaika usiku kucha akidhani kosa ni la VMS. Dawa ni kuiunda kadi ya kubuni ya namna ya tap, emuleta ifungwe hapo, na kadi hiyo iungwe na VPN ya tabaka la pili. Wi-Fi itabaki kubeba pakiti za VPN tu, ambazo haina ugomvi nazo. Njia hiyo huondoa na mushkili mwingine, kwamba katika Linux emuleta iliyofungwa kwenye kadi ya kweli haiwezi kuzungumza na kompyuta ile ile inayoibeba, ingawa inazungumza na nyingine zote.

Liko tena jambo la ukubwa wa fremu, ambalo huwachanganya hata mafundi. Ethernet hubeba baiti 1500 kwa mara moja. WireGuard huhitaji nafasi ya vichwa vyake na vya usimbaji, hivyo kwa kawaida hubakiza 1420. Na ukiweka VXLAN juu yake, hiyo huchukua 50 nyingine, ukabakiwa na 1370. Mashine ya mwaka 1986 hayo haiyajui. Ile kaida ya kuuliza njia nzima inapitisha ukubwa gani iliandikwa mwaka 1990, baada ya 4.3BSD kutoka. Dalili yake ni hii: unaingia katika mashine ya mwenzio vizuri, unaandika amri fupi na kujibiwa, kisha unaomba orodha ndefu ya mafaili, na kila kitu kinaganda. Ukiona hivyo usiilaumu njia kwamba imekatika. Neno fupi limepita na refu limekwama. Punguza ukubwa wa fremu ndani ya mashine ya kale yenyewe, au katika DECnet punguza bafa ya laini kwa programu ya NCP. Bafa ya baiti 576 hupita kila mahali.

Kasi nayo ina mpaka ambao hapana ustadi wa kuuvuka. Kutoka pwani yetu hadi kaskazini ya Ulaya na kurudi, ujumbe huchukua zaidi ya milisekunde 100, hata ukipita katika nyaya bora za chini ya bahari. DECnet haijali, kwani iliandikwa wakati mashine zilipokuwa zikiunganishwa kwa laini za simu za polepole. LAT huteseka, maana iliundwa kwa waya wa jengo moja, hupeleka ujumbe wake kwa kawaida kila milisekunde 80, na haiwezi kupitishwa na ruta. Doom nayo hugawanya sekunde katika sehemu 35, na kila mchezaji humngoja mwenziwe katika kila sehemu, kwa hiyo aliye mbali zaidi huwa ndiye mwendo wa wote. Michezo basi chezeni na walio karibu, na wa mbali muandikieni barua kwa MAIL au zungumzeni nao kwa PHONE ya VMS, ambayo hukata kioo vipande viwili na kuonyesha kila herufi mwenzio aiandikapo, hata ile anayoifuta.

Nimesema VPN ni ya kuzuia kuzianika mashine hizi, na sina budi kueleza ukubwa wa hatari. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi Robert Tappan Morris aliachia programu iliyojieneza yenyewe katika mashine za VAX zilizokuwa na BSD na zile za Sun, ikipenya, miongoni mwa njia nyingine, kwa kasoro ya programu ya fingerd. Kasoro hiyo imo katika 4.3BSD ya asili utakayoipandisha leo, ikiwa haijazibwa. Mwezi Oktoba 1989 programu iliyojiita WANK ilipita katika DECnet ya NASA, siku zile chombo cha Galileo kilipokuwa kikingoja kurushwa, ikijaribu akaunti zilizoachwa na nywila zake za kiwandani. Katika matoleo ya zamani ya VMS, akaunti za SYSTEM na FIELD huja na nywila ambazo kila mtu amezisoma. Na telnet, ambayo ndiyo mlango wa mashine hizi nyingi, hupitisha nywila kwa maandishi yaliyo wazi.

Kwa hiyo yafuatayo ni faradhi. Nywila za kiwandani zibadilishwe kabla ya mashine kuunganishwa na yeyote. Pasifunguliwe poti yoyote ya ruta kwa ajili ya mashine ya kale. Poti pekee iliyo wazi kwa walimwengu iwe ni ya VPN, na iwe kwenye seva ya kukodi. Kila mwanachama awe na ufunguo wake, alioutengeneza katika kompyuta yake mwenyewe, na ufunguo wa siri usipelekwe kwa mtu kwa barua wala kwa ujumbe wa simu. Kinachopelekwa ni ule wa wazi tu. Nywila utumiayo katika mashine ya kale isiwe ndiyo nywila yako ya benki au ya barua pepe. Na ziwekwe sheria katika kila nyumba zinazozuia anwani za VPN zisifike kwenye kompyuta nyingine za humo, kwa sababu VPN humficha mwenye kupita kwa walio nje, lakini haimchunguzi aliyekwisha kuingia ndani. Rafiki mwaminifu mwenye kompyuta iliyoambukizwa huleta madhara yale yale ya adui.

Tena yapo ya sheria. Nchini Tanzania, mwezi Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka watu na makampuni yatumiayo VPN wajiandikishe na kutoa maelezo yake, na nchi kadhaa za Ghuba zina kanuni kali juu ya jambo hilo. Basi kila mmoja aulize kanuni za anapoishi, na asidhani kuwa nia njema ya kuchezea VAX inamwondolea wajibu. Leseni za mifumo nazo hazifanani. Matoleo ya kale ya Unix yalifunguliwa na kampuni ya Caldera mwezi Januari 2002, na juu yake 2.11BSD huweza kutumika bila wasiwasi. Leseni za bure za VMS kwa wapenzi wa VAX, ambazo HPE, iliyotokana na Hewlett-Packard, ilikuwa ikizitoa, zilisitishwa. Anayeanza leo ni afadhali aanze na BSD, au aone masharti ya kampuni inayoiendeleza VMS, ambayo siku hizi huitwa OpenVMS, kwa mashine za baadaye.

Katika kujaribu, nendeni hatua kwa hatua, wala msiunganishe yote kwa mara moja. Kwanza pandisha emuleta mbili katika kompyuta moja, zizungumze. Kisha ihamishe moja katika kompyuta ya pili ya nyumba hiyo hiyo. Kisha, mbali kabisa na emuleta, hakikisha VPN inapitisha ping ya kawaida baina yako na mwenzio. Baada ya hapo tu ndipo muunganishe mashine za kale juu ya VPN. Aliyefuata utaratibu huu, akikwama, anajua kilichokwamisha ni kile kilichoongezwa mwisho. Katika VMS, amri ya SHOW ADJACENT NODES ndani ya NCP itakuonyesha majirani waliosikika. Wakionekana, SET HOST itakupeleka kwao. Wasipoonekana, zitazame fremu kwa Wireshark, ambayo inaifahamu DECnet: ukiziona zako zikitoka na hakuna zinazoingia, tatizo liko njiani au kwa mwenzio, usipoziona hata zako, rudi kwenye mipangilio ya emuleta.

Mashine iliyokusudiwa kukaa macho usiku na mchana iandikiwe set cpu idle, kwani bila ya hiyo SIMH hula nguvu yote ya kiini kimoja cha prosesa hata pale VAX haifanyi kitu. Umeme wetu hukatika. Diski ya kuigwa iliyokatikiwa katikati ya kuandika huharibika sawasawa na ya kweli, basi nakala ya faili la diski ichukuliwe mara kwa mara, na ichukuliwe mashine ikiwa imezimwa kwa utaratibu wake.

Mkisha kuizoea kazi hii wenyewe, mtavutiwa na mtandao mkubwa zaidi, na upo: HECnet, uliotokana na chama cha kompyuta cha Update huko Uppsala, Uswidi, huunganisha kwa DECnet mashine za wapenzi wa nchi nyingi, za chuma na za kuigwa. Huko nambari ya eneo huombwa na kutolewa, mtu hajichagulii mwenyewe. Lakini msiende huko kabla daftari lenu halijatengenea. Daftari hilo liwe na anwani zote, funguo za wazi, toleo la emuleta la kila mmoja, jina la anayelipia seva na tarehe ya malipo, na njia ya kuuondoa ufunguo wa mtu anayejitoa. Na nakala yake iwe kwa kila mwanachama, si kwa mwerevu mmoja tu. Waya ukikatika mtu yeyote mwenye maarifa kidogo huufunga tena kwa jioni moja, ila mtandao ambao mpangilio wake umo kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye siku atakapopata kazi mpya au atakapochoka. Yaandikeni maafikiano yenu mkiwa wawili, wakati bado ni mistari michache, kisha mkaribisheni wa tatu.